Tumbo la Kiatu

Watu wakisifia kiatu husifia ngozi, rangi, na jinsi kinavyong'aa. Mimi nimekulia kwenye kibanda cha fundi viatu, na sifa hizo hunichekesha. Kile kinachoonekana kwenye kiatu ndicho chenye kazi ndogo. Ngozi ya juu inaushika mguu usichomoke na kuuzuilia vumbi, basi. Bitana iliyoshonwa kwa ndani inakunywa jasho na kukuepusha na malengelenge. Kamba inakaza, na ulimi uliopo chini ya kamba unaulinda mguu usiumizwe na hiyo kamba. Vyote hivyo ukivikosa utapata shida, lakini utatembea.

Kazi yenyewe imejificha. Nyuma ya kisigino, katikati ya ngozi na bitana, fundi anayejiheshimu huweka kipande kigumu cha ngozi kilicholowekwa na kukaushwa kikiwa kimejikunja kufuata mguu. Hicho ndicho kinachokuzuia usipepesuke ukikanyaga jiwe. Chini ya unyayo kuna soli ya ndani, na chini yake, pale mguu unapofanya upinde bila kugusa ardhi, kuna kipande chembamba cha chuma. Kikikosekana, kiatu kinajikunja katikati na nyama ya unyayo inabeba mzigo usio wake. Halafu ndipo inakuja soli ya nje, na kila kitu kinafungwa humo ndani. Hakuna atakayekiona tena.

Mtu mwenye miguu miwili iliyo sawa anaweza kuzeeka bila kuyajua haya, na asipungukiwe na kitu. Mimi siwezi. Polio ya utotoni iliudumaza mguu wangu wa kushoto, ukabaki mfupi na mwembamba, na maisha yangu yote nimevaa kiatu cha kushoto chenye nyongeza. Nyongeza ni ule unene unaowekwa kati ya soli ya ndani na ya nje ili miguu iwe na kimo kimoja. Baba alinitengenezea ya kwanza kabla sijaanza shule. Aliipanga tabaka kwa tabaka kwa ngozi ngumu ya mgongo wa ng'ombe, kila tabaka gundi na misumari midogo, kisha akaichonga iwe nene kisigino na kupungua kuelekea vidoleni ili mguu upate kubingirika ninapotembea. Kilikuwa kizito. Nililalamika, akaniambia uzito nitauzoea, lakini kimo kikibadilika nyonga haitazoea. Hakukubali kutumia kitu chochote kinachobonyea.

Pale kibandani alikuwa na utaratibu mmoja ambao wateja wengine waliuona ni kero. Kabla hajabandika soli ya nje, alimwita mwenye kiatu aje kutazama tumbo. Ndivyo tulivyoita. Anakipindua kiatu kikiwa wazi, anakuonyesha chuma, anakuonyesha kigumu cha nyuma, anakulazimisha uingize vidole ubonyeze mwenyewe. Wapo waliokuja mbio wakitaka kuwahi arusi, wakaambiwa wakae wasubiri gundi ikauke, watazame kwanza. Mama, aliyekuwa akishona ngozi za juu kwa cherehani kwenye pembe ya kibanda, alikuwa akiwatania kwamba mzee huyu hamwachii mtu kiatu mpaka awe amezaa nacho. Hata mimi, mtoto wake, niliitwa. Nilibonyeza kwa vidole vyangu vidogo na kuitikia kwa kichwa kama mkaguzi wa serikali.

Kaka yangu alijifunzia hapo. Ananizidi miaka michache tu, lakini ndiye aliyenibeba mgongoni kwenda shule siku za mvua, maana nyumba yetu iko Igogo, juu kabisa kwenye mawe, na njia yake ni ngazi za watu wenyewe: huku saruji, huku mwamba mtupu, huku udongo. Mvua ikinyesha, mawe yale yanateleza hata kwa mbuzi. Kaka alinishusha na kunipandisha bila kununa. Watoto wenzake walimwita punda, naye alicheka. Nayasema haya ili ieleweke nilimpenda kiasi gani, na kwa nini hata leo nikitaka kumchukia vizuri nashindwa kumaliza.

Baba alipougua, aliwaita ndugu, akasema nyumba ya mlimani ni yangu. Kijana, alisema, atajenga popote. Binti huyu asiachwe akizunguka na mguu wake kwenye vyumba vya watu. Mama akae nami. Hakuna aliyebisha. Kaka alikuwa ameshapanga chumba Kiseke na mkewe, akarithi kibanda na vyombo, nami nikabaki na nyumba, na mama, na ile baraza ya mbele ambayo ukikaa asubuhi unaliona ziwa lote na feri ya Ukerewe ikitoka. Nilikuwa nashona sare za shule chini mjini. Kila siku nilishuka na kupanda. Nilijivunia, sitaki kudanganya. Walikuwapo wenye miguu yote miwili waliopumzika mara nyingi kuliko mimi.

Viatu vya kwanza alivyonitengenezea kaka baada ya baba vilikuwa sawa kabisa. Niliitwa, nikatazama tumbo, nikabonyeza, nikaridhika. Mara iliyofuata nilipita kibandani nikitoka kazini. Palikuwa na wateja wamekaa kwenye benchi. Kiatu changu kilikuwa mezani, soli ya nje imeshabandikwa. Nikasema, kwa utani tu, mbona leo sijaitwa. Kaka aliinua uso, na uso wenyewe ulikuwa umeshuka.

"Na wewe mdogo wangu unanikagua?"

Nilitamani ardhi inimeze. Wateja walinitazama mimi, hawakumtazama yeye. Kwetu mtu aliyekubeba mgongoni humwambii mbele za watu afungue kazi yake uione kama ina wizi. Ningekuwa mteja wa njiani ningekuwa na haki hiyo, na angeniheshimu kwa kuidai. Kwa kuwa nilikuwa dada yake, ikawa matusi. Nikacheka, nikachukua kiatu, nikamwambia asante kaka. Tangu siku hiyo sikuomba tena kutazama.

Maumivu yalianza nyongani, upande wa kulia, mguu ule mzima. Kwanza yalikuja jioni tu. Halafu yakawa yananisubiri kwenye ngazi. Kiatu kikiwa kipya nilipata nafuu, nikamsifu kaka, kisha baada ya muda mgongo ukaanza kupinda tena. Nilipomweleza, alinikalisha, akachukua tepu yangu mwenyewe ya ushonaji, akapima mguu, akanyamaza kidogo. Akasema mguu umepungua tena. Ndivyo inavyokuwa kwa watu wenye hali yangu, umri ukisogea. Mama, aliyekuwa anachambua mchele pembeni, alisema hata shangazi zetu walisumbuliwa na nyonga.

Nilikwenda hospitali. Nilivua viatu, nikavisukuma chini ya benchi, nikapanda kitandani. Waliupima mguu, wakapiga picha ya nyonga, wakanipa dawa za maumivu na kuniambia nipunguze kupanda. Hakuna aliyeuliza habari za kiatu, na mimi sikukitaja. Ningekitajaje? Kiatu ndicho kitu pekee nilichokuwa na hakika nacho.

Basi nikaanza kuogopa mwili wangu. Nilipoamka niliunyoosha mguu kitandani, nikaulinganisha na mwenzake, nikauona kweli umepungua, maana ukishaambiwa jambo utaliona. Nikaacha kwaya kwa sababu ya kusimama. Nikaacha kushuka sokoni Jumamosi. Siku moja niliketi katikati ya njia, juu ya jiwe, sikuweza kwenda juu wala chini, na jirani akamtuma mtu amwite kaka. Alikuja, akainama, akaniambia panda. Nikapanda mgongoni kwake, mwanamke mzima, naye akanifikisha mlangoni akihema. Nililia kwa aibu, na kwa upendo pia.

Kikao cha familia hakikuchelewa. Wakubwa wa ukoo walikuja kutoka Magu, wakanywa soda, wakasema kwa upole mambo niliyokuwa nayajua. Mlima umenishinda. Mama naye hawezi kuachwa peke yake kule juu, na hataki kuhama. Kaka ana watoto wanaolala wamebanana chumba kimoja Kiseke. Yeye apande, akae na mama, na mimi nitafutiwe chumba mahali pazuri, tambarare, niwe na amani na mguu wangu. Waliniuliza ninasemaje. Nilisema nimekubali, na nikamshukuru kaka mbele ya wote kwa kukubali kubeba mzigo wa nyumba na mama. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu mwenyewe, na hakuna aliyenilazimisha.

Nikahamia Mkolani. Chumba kina sakafu nzuri na mwenye nyumba ni mtu wa watu. Lakini ukifungua dirisha unaona ukuta wa jirani, na juu ya ukuta nguo za jirani. Nilikosa kuliona ziwa mpaka nikalala vibaya. Kaka aliendelea kuniletea viatu, amevifunga kwenye gazeti, hataki hata nauli. Wapangaji wenzangu walisema nina bahati ya kaka.

Mwaka huo masika yalikuja na fujo. Niliingia kwenye dimbwi, na kabla sijafika nyumbani soli ya kushoto ikaanza kupiga makofi. Kaka alikuwa amekwenda Sengerema kwenye arusi ya upande wa mkewe. Nikamkuta fundi mmoja Butimba, karibu na njia ya chuoni, mtu mnene asiyependa maneno, nikamwomba anibandikie tu nipate kwenda kazini. Aliishika soli akaibonyeza kwa dole gumba, akaibonyeza tena, akasema hiki hakibandikiki bila kufunguliwa. Nikamwambia afungue.

Alipitisha kisu pembeni, akavuta. Nilikuwa nimeketi mbele yake na mguu mmoja peku juu ya gazeti. Nilitegemea kuona ngozi. Zilitoka ndala. Vipande vya ndala za sponji, bluu, kijani, na nyekundu iliyopauka, vimepangwa na kubandikwa kwa gundi. Baadhi vilikuwa vimetobolewa katikati tundu la mviringo, na ndani ya tundu moja kamba ya nailoni ilikuwa bado imebaki. Nilivitambua. Ni maboya ya nyavu, yale wavuvi wanayoyakata kwenye ndala mbovu, na yakichoka huyatupa ufukweni. Upande wa kisigino yalikuwa yamebondeka mpaka kuwa membamba. Upande wa vidole yalikuwa bado yamevimba. Palipotakiwa kuwa na chuma palikuwa na boksi lililolowa.

Fundi hakunitazama usoni. Aliuliza nani aliyenitengenezea. Nikamjibu nilikinunua mnadani. Sijui uongo ule ulitoka wapi, ulitoka haraka kuliko pumzi. Nilikuwa nimeketi pale na ushahidi mbele ya macho yangu, na bado kitu cha kwanza nilichofanya ni kulificha jina la kaka yangu.

Akasema maneno machache tu. Sponji ikiwa mpya inashika kimo. Ukiikanyaga siku nyingi inakufa kwa nyuma, mguu mfupi unarudi kuwa mfupi, na nyonga ya pili inaanza kufanya kazi ya mbili. Kisha akaupima mguu wangu, akaandika kipimo kwa chaki ubaoni. Kilikuwa kilekile alichokipima baba mara ya mwisho. Mguu haukuwa umepungua hata kidogo.

Nilirudi Mkolani kwa bodaboda, na jioni ile nilivipasua viatu vyangu vingine vya zamani kwa mkasi wa kazini, kimoja baada ya kingine, sakafuni. Ngozi nilizikuta kwenye jozi ile ya kwanza ya kaka peke yake. Nilikaa katikati ya maboya yale nikiwaza jinsi alivyoupima mguu wangu kwa tepu yangu, akanyamaza, kisha akasema umepungua. Uzembe ningeusamehe. Ngozi ngumu inapotea madukani, kazi zinazidi, mtu anafanya kwa haraka na kujiambia ataitengeneza baadaye. Lakini kule kunyamaza kidogo kabla ya kusema, kule kulikuwa kwa mtu anayechagua.

Fundi wa Butimba alinitengenezea jozi ya ngozi. Kiatu cha kushoto kilikuwa kizito, nikakilalamikia kimoyomoyo, na baada ya wiki chache niliamka asubuhi nikagundua nimeinama kuokota kitana bila kushika ukuta. Nyonga ilinyamaza. Nikaanza kutembea mpaka kituoni, kisha mpaka sokoni. Sikumwambia mtu.

Jumapili moja baada ya ibada niliweka vipande vya ndala kwenye mfuko wa kitambaa nikaenda Igogo. Nilipanda mawe yale yote. Nilisimama mara moja tu, kumpisha mama mmoja aliyebeba ndoo. Nilipofika juu, kaka alikuwa ameketi barazani amekunja suruali, anakata kucha. Aliposikia hatua alinitazama miguu kabla ya uso. Alikitazama kiatu cha kushoto, akajua. Aliikunjua suruali, akaniambia karibu dada, akasema anafika dukani kuleta sukari. Alishuka upande wa pili wa mwamba. Mpaka naondoka hakurudi.

Mama alikuwa ndani. Wifi na watoto walikuwa hawajatoka kanisani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akamimina chai. Nikaumwaga mfuko juu ya mkeka, mbele ya magoti yake. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia taratibu, nisimuue kwa mshtuko, mtu mzima mwenye presha. Mama alivitazama vile vipande vya rangi na hakuuliza ni nini.

Niliona hakuuliza. Nilisubiri aulize, na chai ilipoa, na bado hakuuliza. Mwanamke huyu alishona ngozi za viatu tangu kabla sijazaliwa.

"Ulijua, mama?"

Alisema ndiyo. Tangu masika moja, alipokianika kiatu changu karibu na jiko akakibonyeza. Alimgombeza kaka, alisema, alimgombeza sana, na kaka aliahidi kukirekebisha. Halafu ikawa bado, ikawa bado. Halafu wakaniona ninavyohangaika na mawe, na watoto kule Kiseke wanaugua kifua kwa kubanana, wakaona labda Mungu ndiye anayepanga. Alilisema neno hilo, wakaona, kwa sauti ileile anayotumia kuzungumzia bei ya dagaa. Kwamba mimi ni mmoja, na mmoja hakosi pa kujibanza.

Nikamwambia wangeniomba. Wangenikalisha hapohapo, waniambie watoto wanaugua, ningeitoa nyumba siku hiyohiyo na kubaki na mguu wangu.

"Najua ungetoa," mama alisema. "Halafu kaka yako angeishi hapa akikushukuru mpaka anakufa. Mwanamume hawezi hivyo, mama. Wewe kushukuru umeshazoea."

Alivikusanya vipande vyote, akavirudisha mfukoni, akaufunga, akaniwekea pembeni ya kiti ili nisivisahau. Kisha akaniuliza kama nitakula ugali au nitasubiri wali wa wifi.

Sikula. Niliaga nikatoka, nikashuka mawe yale kwa miguu yenye kimo kimoja, bila maumivu popote, nikilia kwa sauti njia nzima. Watu niliopishana nao walinisogelea na kunishika mkono, wakaniambia pole dada, mguu huo unakutesa. Nikawaitikia wote: asanteni, unanitesa.